Nyuzi 33 za juani, nyuzi 33 za kivulini

Watu wawili wamesimama pembeni mwa barabara moja saa saba mchana, hatua kumi tu kati yao. Mmoja yuko juani, mwingine amejibanza chini ya mti mkubwa wenye majani mazito. Ukichukua kipimajoto kizuri kilichokingwa na jua ukapima hewa inayowazunguka, utapata tofauti ndogo mno, nyuzi moja au zaidi kidogo. Kwa taarifa ya hali ya hewa, wote wawili wako kwenye nyuzi 33 za selsiasi. Lakini yule wa juani baada ya dakika chache anatafuta pa kukimbilia, na yule wa kivulini anaweza kusubiri basi nusu saa bila taabu.

Pengo hilo ndilo linalopotea mara nyingi miji inapopanga namna ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Jiji likipima joto la hewa, litajenga kitu fulani. Likipima joto la lami kwa picha za satelaiti, litajenga kingine. Likipima mzigo wa joto anaobeba mtu anayetembea kwa miguu, litajenga cha tatu, na kwa maoni yangu hicho cha tatu ndicho kinachostahili fedha za umma kwanza. Dunia imeshapata joto la nyuzi 1.1 zaidi ukilinganisha muongo wa 2011 hadi 2020 na nusu ya pili ya karne ya 19, na mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba ifikapo 2050 watu 68 katika kila 100 watakuwa wanaishi mijini. Barabara zitakazowabeba watu hao zinachorwa sasa hivi.

Joto linavyoingia na kutoka mwilini

Mwili wa binadamu hautulii kuzalisha joto. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa takriban wati 100. Akitembea hufikia wati 250 hivi, na akichanganya zege ni zaidi ya hapo. Joto hilo lote lazima litoke, la sivyo joto la ndani, ambalo hukaa karibu na nyuzi 37, litaanza kupanda. Njia za kutokea ni chache: ngozi hupasha hewa inayoigusa, ngozi hutoa mnururisho, yaani joto linalosafiri bila kugusana, kuelekea vitu vilivyo baridi kuliko yenyewe, na jasho likikauka huondoka na joto. Mwaka 1970 mhandisi wa Denmark, P. O. Fanger, aliiweka hesabu hii katika mambo sita yanayotumika hadi leo: joto la hewa, unyevu wa hewa, kasi ya upepo, mnururisho unaotoka pande zote, shughuli anayofanya mtu, na mavazi yake. Fanger alikuwa anafikiria vyumba na ofisi. Ukitoka nje mambo sita yanabaki yale yale, ila jua linaingia kati na mizani yote inainama.

Mwangalie kwa karibu yule mtu wa juani. Jua la utosi kwenye anga safi hushusha karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba ya ardhi. Sehemu ya nishati hiyo inampiga moja kwa moja kichwani na mabegani. Nyingine inapiga lami, na lami mpya nyeusi hurudisha asilimia 5 hivi tu, inameza iliyobaki hadi uso wake unafika nyuzi 60. Lami hiyo inamtupia mnururisho usioonekana kwa macho kutoka chini, kwenye miundi na mapaja. Ukuta ulio nyuma yake unafanya vivyo hivyo, na gari lililoegeshwa pia.

Wataalamu hujumlisha yote hayo katika kipimo kimoja, wastani wa joto la mnururisho. Hujiuliza hivi: kama vitu vyote vinavyomzunguka mtu vingekuwa na joto moja, lingepaswa kuwa kiasi gani ili mwili wake upokee mzigo ule ule? Kwenye barabara pana yenye jua kali jibu linaweza kupita nyuzi 60. Chini ya mti wa majani mazito, hatua kumi kutoka hapo, linashuka hadi kukaribia joto la hewa lenyewe. Hilo ni pengo la nyuzi 20 au 30, na kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hakilioni kwa sababu kimewekwa makusudi kisilione. Hufungwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya hewa, juu ya nyasi, mita moja na nusu hivi kutoka ardhini, ili jua lisikiguse. Kwa kazi ya kutabiri hali ya hewa huo ni utaratibu sahihi kabisa. Kwa kujua mtu wa barabarani anabeba nini, hautoshi.

Kisha kuna jasho. Ngozi huwa na nyuzi 33 hadi 35. Hewa ikifika hapo, ile njia ya kwanza ya kupoa inafungwa, na ikipita hapo hewa yenyewe inaanza kumwongezea mtu joto badala ya kumpunguzia. Hapo tegemeo ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na takriban kilojuli 2,400, kwa hiyo mililita 150 kwa saa zinatosha kuondoa zile wati 100 za mtu aliyetulia. Sharti ni likauke. Jasho linalotiririka na kudondoka chini halipozi mwili. Hewa inapojaa unyevu, jasho linagoma kukauka, joto linafukuta, na nyuzi 33 za pwani zinaweza kumlemea mtu kuliko nyuzi 38 za jangwani akiwa kivulini.

Mwaka 2010 wanasayansi Steven Sherwood na Matthew Huber walionyesha kwamba kuna ukomo. Ukifunika kipimajoto kwa kitambaa kilicholowa maji na bado kikasoma nyuzi 35, hakuna jasho litakaloweza kuupoza mwili, hata wa kijana mwenye afya aliyekaa kivulini bila nguo. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Penn State yaliyochapishwa 2022 yalishusha ukomo huo. Vijana wenye afya waliokuwa wakifanya shughuli nyepesi kwenye hewa yenye unyevu mwingi walianza kushindwa kudhibiti joto la miili yao kwenye nyuzi 31 hivi za kipimajoto hicho kilicholowa. Kwa wazee na wagonjwa, hatari huanza mapema zaidi.

Kuhusu namna ya kuyaunganisha mambo haya katika namba moja, vipimo ni vingi, nami nitataja viwili. Cha kwanza kilizaliwa jeshini. Katika miaka ya 1950 makuruta wa Marekani walikuwa wakianguka kwa joto kwenye kambi za mafunzo, na 1957 Constantin Yaglou na David Minard wakachapisha kipimo kinachotumia vipimajoto vitatu: kilichofunikwa kitambaa chenye maji, kilichotiwa ndani ya tufe jeusi linalomeza jua, na cha kawaida kilichokingwa. Kwenye hesabu ya nje, kile cha maji hupewa uzito wa asilimia 70, tufe jeusi asilimia 20, na joto la kawaida la hewa, lile linalotangazwa kila jioni, asilimia 10 tu. Kipimo hiki bado kinatumika viwandani, jeshini na michezoni. Kwenye Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil, mapumziko ya kunywa maji yaliruhusiwa kilipozidi 32. Cha pili kilikamilishwa 2009 na kundi la wataalamu wa nchi nyingi. Kinazingatia baridi pia, na kwenye kipimo chake kuanzia 38 hadi 46 mwili uko kwenye shinikizo kubwa sana la joto.

Barabara za kijivu za Phoenix

Phoenix, Arizona, ni miongoni mwa miji yenye joto kali zaidi Marekani, na mwaka 2020 ilianza kupaka baadhi ya mitaa yake rangi ya kijivu kilichofifia juu ya lami. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: lami nyeusi humeza jua, ukiifanya iwe nyeupe kidogo itarudisha mwanga angani, nayo itapoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walipima matokeo mchana, alasiri na usiku.

Lami ilipoa kweli. Mchana na alasiri uso wa barabara zilizopakwa ulikuwa na nyuzi 6 hivi pungufu kuliko lami ya kawaida. Hewa iliyo juu yake ilipoa pia, ila kwa sehemu ndogo ya nyuzi moja, zaidi kidogo usiku kuliko mchana. Kisha watafiti wakapima kile kinachompata mtu aliyesimama pale. Mzigo wake wa mnururisho mchana na alasiri uliongezeka kwa nyuzi 3 hivi. Mwanga uliokataliwa na lami haukuruka wote kwenda angani. Sehemu yake iligonga mwili wa mpita njia, kutoka chini kwenda juu. Satelaiti ingeiona barabara hiyo kuwa imefanikiwa. Mwenye miguu angeiona imemwongezea taabu.

Sisemi kwamba rangi hiyo haina kazi. Kwenye barabara pana za magari ambako hakuna anayetembea, kupunguza joto linalohifadhiwa ardhini kunasaidia usiku. Mahali pake panapofaa zaidi ni paani. Paa jeupe hurudisha mwanga juu ya vichwa vya watu, nyumba ya chini inapoa, na mtu wa barabarani hadhuriki. Kinachonisikitisha ni mji kupaka rangi njia ya waenda kwa miguu, kuonyesha picha ya joto ya kabla na baada, rangi nyekundu ikigeuka samawati, na kuhesabu kazi kuwa imekwisha.

Kibanda cha kusubiria basi kina somo lile lile. Paa la bati tupu linakinga jua la moja kwa moja, na hilo ni jambo kubwa. Lakini bati lenyewe linapata moto, na mtu aliyekaa chini yake anakuwa kama ana jiko lililoning'inizwa juu ya utosi. Paa la plastiki inayopenyeza mwanga linafanya vibaya zaidi, maana jua linapita na upepo unazuiwa. Huko Houston, Texas, watafiti walipima vibanda vya basi na kukuta baadhi ya vile vilivyofungwa pembeni vina joto zaidi ndani kuliko nje, ilhali kivuli cha miti jirani kilishusha mzigo wa joto waziwazi. Dawa haina gharama kubwa: paa la tabaka mbili zenye nafasi ya hewa katikati, au bati lenye kitu cha kuzuia joto upande wa chini, kuta zilizo wazi, na mti upande wa magharibi kwa ajili ya jua la alasiri.

Mitaa myembamba, upepo na usiku

Mji wa kale wa Fez nchini Morocco una vichochoro vyembamba kati ya kuta ndefu. Erik Johansson, mtafiti kutoka Sweden, alilinganisha kichochoro kimoja ambacho kuta zake zina urefu karibu mara kumi ya upana wake na mtaa wa kisasa ulio wazi. Mchana wa kiangazi kichochoro kilikuwa na hewa ya ubaridi zaidi kwa wastani wa nyuzi 6, na siku za joto kali kabisa pengo lilifika nyuzi 10. Hapo ni joto la hewa peke yake, kabla hujahesabu kwamba jua halifiki chini. Mafundi wa kale wanastahili heshima. Ila utafiti huo huo ulikuta kwamba majira ya baridi mambo yanageuka: kichochoro kinakuwa baridi ya kukera, na mtaa ulio wazi, ambako mtu anaweza kuota jua, ndio unaopendeza. Johansson akapendekeza mji wenye mitaa ya aina zote mbili, na kwenye njia pana kuwe na vivuli kama vibaraza na miti.

Ukichukua ramani ya Fez ukaipeleka kwenye mji wa pwani yenye unyevu, utaumiza watu. Pale jasho ndilo tegemeo, na jasho linahitaji upepo. Hong Kong ilijifunza hilo kwa majengo marefu yaliyopangana kama ukuta na kuufungia mji upepo wa bahari. Baada ya ugonjwa wa SARS wa 2003 serikali ililichukulia suala la hewa kwa uzito, na tangu 2006 miradi mikubwa ya umma inapaswa kuonyesha itakavyoathiri mwendo wa upepo mitaani. Stuttgart, Ujerumani, ilianza zamani zaidi. Mji huo umekaa bondeni, upepo wake ni dhaifu, na kinachoupoza ni hewa baridi inayoteremka usiku kutoka vilimani. Halmashauri yake imekuwa na mtaalamu wa hali ya hewa kwenye ajira tangu 1938, na mabonde yanayopitisha hewa hiyo yanalindwa yasijengwe.

Usiku una hesabu yake. Luke Howard, mfamasia wa London aliyependa kuangalia mawingu, alipima mwanzoni mwa karne ya 19 na kuona kwamba mji unazidi mashamba ya jirani kwa joto hasa usiku. Zege, matofali na lami hurudisha usiku vilichokimeza mchana, na kadiri majengo yanavyoziba anga, ndivyo joto hilo linavyokosa pa kutokea. Kwa hiyo kichochoro kinachokuokoa saa nane mchana kinaweza kuchelewa kupoa saa nne usiku. Madhara ya kukosa usiku wa kupumzisha mwili yalionekana wazi Ulaya mwaka 2003, joto lilipoua zaidi ya watu 70,000, wengi wao wazee.

Viyoyozi vinawaokoa walio ndani, nami singependa mtu yeyote anyimwe. Lakini kiyoyozi kinahamisha joto kutoka chumbani kwenda mtaani, na kuongeza lile la mota yake. Utafiti uliotumia modeli za kompyuta kwa mji wa Phoenix, uliochapishwa 2014, ulikadiria kwamba joto linalotemwa na viyoyozi huongeza zaidi ya nyuzi moja kwenye hewa ya usiku katika baadhi ya sehemu za mji huo. Anayelipa ni aliye nje.

Anayeweza kuondoka na asiyeweza

Marialena Nikolopoulou na Koen Steemers waliwahoji watu kwenye viwanja vya wazi huku wakipima hali ya hewa pale pale, na 2003 wakaandika kwamba vipimo vya mwili na hewa vinaeleza karibu nusu tu ya tofauti za namna watu wanavyohisi joto. Nusu nyingine iko kwenye mambo kama matarajio, mazoea, muda mtu atakaokaa, na uhuru wa kuchagua. Aliyekuja kwa hiari na anayeweza kuhamia benchi la kivulini huvumilia mengi. Kwa mpangaji wa bustani, maana yake ni kuweka jua na kivuli karibu karibu, mtu achague.

Mjenzi juu ya jukwaa, askari wa barabarani, mchuuzi anayelinda meza yake, mama aliye kwenye foleni ya zahanati: hawa hawana pa kuhamia. Mpango wa kuhimili joto unaofaa huanzia kwao. Ahmedabad, India, ilipata wimbi la joto Mei 2010 lililohusishwa na vifo zaidi ya 1,300, na 2013 ikawa mji wa kwanza Asia Kusini kuwa na mpango rasmi: maonyo ya mapema, mafunzo kwa wahudumu wa afya, maji ya kunywa, na sehemu za kupumzikia zenye ubaridi. Freetown, Sierra Leone, iliteua ofisa wa joto mwaka 2021, Eugenia Kargbo, na kazi mojawapo aliyoisimamia ni kuezeka masoko ya wazi ambako wanawake huuza juani kutwa nzima. Hakuna teknolojia ngeni hapo.

Miti ni bora kuliko vivuli vingine kwa sababu majani yake hayapati moto kama bati. Yanavukiza maji na kubaki karibu na joto la hewa. Lakini mti unataka miaka 20 au zaidi kutoa kivuli cha maana, unataka udongo na maji, na unapaswa kuvumilia hali ya hewa ya wakati huo, ambayo itakuwa kali kuliko ya leo. Mnazi wa mapambo hautoi kivuli cha kutosha mtu mmoja. Miche elfu iliyopandwa kwa sherehe na kukosa maji wiki ya tatu haitoi chochote. Kwa hiyo mji unahitaji vyote viwili: turubai, vibaraza na mapaa sasa, na miti inayotunzwa hadi ikomae.

Jambo la mwisho ni pembe ya jua, ambalo wachoraji wa mitaa hulisahau mara kwa mara. Karibu na ikweta jua la saa sita huwa karibu na utosi sehemu kubwa ya mwaka, na ukuta hutoa kivuli kifupi tu. Kinachosaidia hasa ni kitu kilicho juu ya kichwa. Asubuhi na alasiri mtaa unaoelekea kaskazini na kusini hupata kivuli cha majengo upande mmoja, ilhali unaoelekea mashariki na magharibi unabaki wazi karibu siku nzima. Haya yanaweza kukokotolewa kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Programu kama SOLWEIG, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Sweden na inayopatikana bure, huchukua urefu wa majengo na miti na kuonyesha mzigo wa mnururisho wa kila mita ya mtaa, saa kwa saa. Halmashauri inaweza kuitisha ramani hiyo kwa mwezi wenye joto kuliko yote, ikaweka juu yake njia za miguu, vituo vya basi, masoko, shule na zahanati, kisha ikatafuta palipo wazi kati ya saa sita mchana na saa tisa alasiri na penye watu wengi. Hapo ndipo pa kuezeka mwaka huu, na ndipo pa kupanda miti mvua zikianza.